Masizi ya Kupaka

Tarehe 2 Julai

Nvard ameniachia daftari na kalamu tatu. Ameniambia kila siku niandike neno moja juu ya maisha ya chini ya paa hili, yeye atachagua yaliyo matamu yaandikwe ukutani huko ubalozini. Nimemjibu kwamba mimi sikusoma. Mwaka wangu wa kuingia shule ndio mwaka aliokufa mama, nikaachiwa wadogo zangu na ng'ombe. Herufi nilizijulia makaburini, ng'ombe wakila majani katikati ya mawe, mimi nikifuatisha kwa kidole majina ya marehemu. Zilizobaki alinifundisha mume wangu Avetik, Mungu amlaze pema, kwa kuziandika kwenye unga. Mkiona naandika kama mtu anayechonga jiwe, sababu ndiyo hiyo.

Neno la leo: mgongo unauma.

Tarehe 5 Julai

Sasa nimeelewa anachotaka, na afadhali nisingeelewa.

Nvard ni binti wa mwanangu Hrachik. Hrachik na mkewe walikwenda Rostov kujenga majumba ya Warusi, mtoto akiwa bado hajang'oa meno ya maziwa. Nikamlea mimi. Alilala pembeni ya tanuri langu la shimoni, akitazama juu kwenye tundu la moshi mpaka usingizi umchukue. Sasa ni mwanamke mzima, anakaa Yerevan, na kazi yake ni kupanga ndani ya nyumba za watu: meza ikae wapi, taa ining'inie wapi. Nilifikiri kila mwanamke anaifanya kazi hiyo bila kuitwa mtaalamu, lakini nikanyamaza.

Amepewa kazi kubwa. Nchi yetu inafungua ubalozi huko Ulaya, kwenye mji wa mvua, na ndani yake panatakiwa papangwe hivi kwamba mtu akivuka mlango tu ajue ameingia kwa Waarmenia. Wakubwa walimtajia mambo yao. Makomamanga, ule mlima wetu mtakatifu wenye theluji, herufi zetu za dhahabu, mitungi. Amewaambia makomamanga yamejaa hata kwenye soksi za watalii. Anataka kitu kilichoishi. Anataka paa langu.

Paa lenyewe ni hivi. Boriti zinalazwa kukata pembe za chumba, juu yake zinalazwa nyingine fupi zaidi, na nyingine, zinapanda zikijikunja kama kikapu kilichofunikwa, mpaka juu kabisa linabaki tundu la kuingizia mwanga na kutolea moshi. Hakuna msumari. Babu yake Avetik alizileta mbao kwa magari ya ng'ombe kutoka mbali, maana huku juu mkoani Shirak mti ni kitu cha kwenda kutazama. Sisi tunawasha mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Na kwa moshi huo paa limekuwa jeusi linalong'aa kama ngozi ya kifaru wa kwenye picha.

Analitaka lote, lishushwe na kupelekwa huko liwe dari la ukumbi mkubwa. Mimi niwekewe mabati.

Nimemwambia ale kwanza, chakula kinapoa.

Tarehe 6 Julai

Nimesema hapana.

Tarehe 7 Julai

Amekula bakuli mbili za supu ya mtindi na kunisuka nywele. Bado hapana.

Tarehe 9 Julai

Leo tulikata nyasi za nyuma, mimi naye na jirani yangu Haykush, ambaye ulimi wake ungeweza kukata nyasi hizo bila panga. Haykush akamuuliza Nvard kama huko Ulaya hawana mapaa, maskini, mpaka waje kumvua bibi kizee kofia. Nvard akacheka. Halafu akaacha kucheka, akakaa juu ya lundo la nyasi, akaongea akitazama mikono yake.

Alisema miaka yote hii anapanga hoteli zisizokuwa na kwao, na kazi hii ndiyo ya kwanza aliyoitafuta kwa moyo. Ikimshinda atakwenda Rostov kwa baba yake. Ameshaulizia na tiketi.

"Sitishii, bibi," alisema. "Nakwambia tu. Hapa hakuna kinachonishika."

Haykush akageuka kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Nimezaa wawili. Mmoja yuko kaburini, mmoja yuko Rostov, na kaburi lina afadhali kwa kuwa napajua pa kumtembelea. Huyu msichana ndiye damu yangu pekee iliyobaki juu ya udongo huu.

Tarehe 12 Julai

Nimekubali.

Nimeweka masharti mawili, nikamshika sikio kama zamani wakati nayataja. Moja, masizi yasioshwe. Masizi yale ni mama mkwe wangu, na mama mkwe wake, na kila mkate uliookwa humu ndani. Pili, tundu la moshi lisizibwe. Paa bila tundu ni kifuniko cha sufuria.

Ameapa. Alilia akanibusu mikono. Nikamwambia, kama tusemavyo kwetu, maumivu yako niyabebe mimi, nenda kanawe uso, unanitia kamasi.

Tarehe 20 Julai

Mvua ya mawe. Viazi vimepigwa.

Tarehe 3 Agosti

Amekuja na bwana mmoja wa kamati ya wale wakubwa wa ubalozi, Bwana Zaven, kiatu kimepakwa rangi, tumbo limetangulia. Nimemwandalia jibini, mkate, mboga kavu yetu ya kusukwa kama nywele. Alikula kama mtu anayejua kula. Alipoinua macho darini aliacha kutafuna. Nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema Yerevan. Nikamuuliza kabla ya Yerevan. Akataja kijiji cha ng'ambo ya Mlima Aragats, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Nasi tulikuwa nalo kama hili," alisema. "Shuleni walikuwa wakituita watoto wa mavi, kwa harufu ya moshi kwenye nguo."

Nikamwongezea jibini. Nimempenda kidogo.

Kuhusu masizi hakusema kitu. Nami sikuuliza. Nilidhani anayeijua harufu ataiheshimu.

Tarehe 14 Agosti

Wanakuja kesho. Nimeketi peke yangu chini ya paa na nimelisemesha, nani wa kunizuia.

Mwaka wa tetemeko nilikuwa hapa hapa, nakanda unga. Ardhi ilinguruma, nikainua macho, nikaona boriti zote zinacheza, kila moja imepanda mgongoni mwa mwenzake na kushuka, kelele kama meno ya mtu mwenye homa. Vumbi la masizi likaninyeshea. Halafu zikakaa. Majumba ya zege ya bondeni yalilala chini kama karatasi, na binti yangu Zabel alikuwa ndani ya moja lao. Majira yale ya baridi nusu ya kijiji ililala chini ya paa hili, miguu ikielekea tanuri, kama samaki kwenye sinia. Haykush alizaa mwanawe wa mwisho pale kona ya mtungi wa chumvi.

Hilo nitaliandika ukutani? Nvard, kama unasoma, hapa usichague kitu.

Tarehe 15 Agosti

Leo ni siku ya kubariki zabibu makanisani. Sikwenda.

Walikuja asubuhi na lori. Fundi Martiros alikuja pia, nilimtaka mimi. Ni mzee kunishinda, lakini ndiye peke yake aliyebaki anayejua paa la namna hii linafunguliwaje bila kulijeruhi. Alitia alama kila boriti, akisimama chini na fimbo yake na kuwatukana vijana waliokuwa juu: wewe punda, hilo si jukwaa la kuchezea dansi, ishike kama unavyomshika mama yako akitoka hospitali.

Kwanza waliondoa udongo wa juu. Halafu lile tundu. Halafu wakashuka, mzunguko baada ya mzunguko. Nilijilazimisha kupika, watu wa kazi lazima wale. Kila nilipoingia na sufuria chumba kilikuwa kimezidi kuwa cheupe. Sikujua kwamba nyumba yangu ina pembe nyingi hivyo. Buibui walitoka wakakimbia ukutani kama waliofumaniwa.

Nvard alikuwa anapiga picha na kulia kwa pamoja. Walipoteremsha boriti ya mwisho nilikaa kizingitini nikatazama juu. Mbingu yote imeingia ndani, haina adabu. Kunguru akapita.

Haykush alikuja na shali akanifunika mabega.

Tarehe 19 Agosti

Mabati yamewekwa. Mekundu. Yanang'aa mpaka ng'ombe anaogopa kurudi nyumbani.

Hawakuacha tundu. Nilimuuliza kijana wa mabati moshi utatokea wapi, akasema, "Moshi gani, bibi? Si utanunua jiko la gesi?" Nimempigia Nvard. Amesema atamtuma mtu wiki hii hii.

Tarehe 30 Agosti

Mvua juu ya mabati ni kama kuishi ndani ya ngoma. Mtu wa tundu hajaja.

Tarehe 8 Septemba

Viazi. Mtu wa tundu hajaja.

Tarehe 15 Septemba

Majirani wameanza kuoka mkate wa majira ya baridi. Zamani walikuwa wakija kwangu, tanuri langu ndilo kubwa, wanawake sita tukipeana zamu: mmoja kukanda, mmoja kusukuma, mmoja kurusha unga mwembamba kama shuka, mmoja kubandika. Umbea wa mwaka mzima ulikuwa ukimalizwa siku ile. Sasa nimekwenda mimi kwa Haykush, nimebeba unga wangu kama mkimbizi. Nimejaribu kuwasha langu juzi. Moshi ulijaa mpaka nikatoka nje nikitambaa, na ng'ombe akanitazama kama mimi ndiye mjinga wa familia.

Nvard hapokei simu siku hizi kama zamani. Anaandika ujumbe wenye moyo mwekundu. Moyo mwekundu hautoboi bati.

Tarehe 27 Septemba

Nilimpata. Nikamuuliza paa limefika? Akasema liko njiani. Nikamuuliza lilioshwa? Akakohoa. Huyu mtoto tangu utoto akidanganya anakohoa.

Tarehe 10 Oktoba

Baridi ya kwanza kwenye majani. Tundu bado.

Tarehe 16 Oktoba

Leo nitaandika mpaka kalamu ikome.

Mwana wa Haykush, Aram, alikuwa anapeleka viazi mjini Gyumri, nikapanda naye mbele. Nilimwambia nataka kununua uzi. Uongo. Fundi Martiros alikuwa ameniambia mbao zilipelekwa kwanza kwenye karakana moja ya pembezoni mwa mji, ili zipangwe kabla ya safari. Nilitaka kuona tu mahali zilipopita. Mtu huenda kutazama hata kituo alichopandia mwanawe.

Aram alisimamisha gari, nikaingia kwa lango la nyuma. Mvua ilikuwa inanyesha ya rasharasha. Nikaona lundo la mbao chini ya nailoni iliyopasuka. Nyeupe. Sikuzitambua, mama yangu. Nikapita. Kisha nikaona alama ya Martiros kwenye ncha ya mojawapo, ule msalaba wake uliopinda, nikarudi.

Zilikuwa zimeoshwa kwa maji ya kusukumwa na mashine. Zimechubuliwa mpaka nyama. Na zilifunikwa zikiwa bado zimelowa, basi ukungu ulizipata, wa kijani, na ncha zimelainika, kidole kinaingia. Nyingine zimekatwa mbili. Paa lililokataa kuanguka wakati mji mzima unaanguka, linaozea kwenye uwanja wa nyuma kama viazi vilivyosahauliwa.

Ndani kulikuwa na taa na redio. Nikaingia. Huko kwenye karakana walikuwa wamesimamisha paa. Langu. Pembe zile zile, mzunguko ule ule, tundu lile lile, ila mbao mpya za duka na skrubu. Na bwana mmoja mwenye ndevu alikuwa juu ya ngazi, ana ndoo ya rangi nyeusi na sponji, anapaka masizi.

Alikuwa fundi mzuri, lazima niseme. Alijua kuyafanya yawe mazito juu na mepesi pembeni, kama moshi unavyofanya. Aliponiona akafikiri nimekuja kuuza kitu. Halafu akaniuliza kwa upole:

"Bibi, wewe lazima umewahi kukaa kwenye nyumba za hivi. Yanafanana?"

Nikamwambia ashuke. Akashuka. Nikamwambia anuse mtandio wangu. Akanusa, sijui kwa nini alikubali. Nikamwambia, sasa panda kanuse dari lako.

Hakupanda. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akanieleza yote, kwa kuwa hakujua mimi ni nani. Ya kwamba mbao za asili zilioshwa kwa amri ya bwana mkubwa, maana wageni wa balozi wasije wakanusa ng'ombe. Ya kwamba ziliingia ukungu, na watu wa nchi ile wakakataa mbao zenye ukungu zisivuke mpaka wao. Ya kwamba yule dada anayepanga ukumbi alilia hapo hapo, halafu akatoa vipimo vyake na picha zake, akasema basi tutengeneze jingine. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Septemba.

Mwanzoni mwa Septemba. Mioyo myekundu yote ile.

Nikamuuliza na tundu? Akasema juu patawekwa kioo, chenye komamanga.

Nilicheka. Aram anasema alinisikia kutoka garini na akafikiri nalia.

Tarehe 18 Oktoba

Nvard amekuja. Mtu wa karakana alimpigia. Amesimama mlangoni kwa miguu miwili iliyokutana, kama siku aliyovunja mtungi.

Nilikuwa nimejiandaa maneno ya siku mbili. Yote yalikuwa makali na yalinogeshwa vizuri. Nikaona amekonda, nikamwambia akae ale. Akala. Nikayasema hata hivyo.

Nilimwambia kwamba kuoshwa ningesamehe, na kuoza ningesamehe, kuni huoza, watu huoza. "Lakini uliniacha mimi nikiuliza habari za maiti kila wiki," nikamwambia, "na wewe unajua imekufa."

Alisema alimkataza Bwana Zaven kuosha. Alisema bwana yule alipoyaona masizi yanatiririka meusi sakafuni alisimama pale pale akasimamia mwenyewe mpira wa maji, uso kama mtu anayemwogesha mtoto wake mchafu kabla ya wageni kuja. Nilimwelewa. Hicho ndicho kinachoniudhi zaidi. Ni sisi hawa. Mgeni akija tunasugua mpaka ngozi itoke, kisha tunashangaa mbona hatuonekani.

Nikamuuliza sasa atafanya nini na dari la uongo. Akasema atalipeleka. Amebakiwa na mwezi, watu wamelipwa, jina lake limeandikwa.

"Ungetaka niseme nini, bibi? Kwamba ubalozi hauna paa?"

"Ndiyo," nikasema. "Mngewaambia hivyo. Huo ndio Uarmenia, kukaa bila paa na bado kualika watu."

Aliondoka bila kumaliza chai. Alisahau kofia.

Tarehe 25 Oktoba

Nimemtuma Aram na lori la kukodi. Mbao zimerudi. Karakana walishukuru kuondolewa uchafu.

Fundi Martiros amezipitia moja moja, akizigonga kwa fimbo na kuweka sikio. Nyingi zinajibu kama boga. Alikaa chini. Akasema angekuwa na miaka yake ya sabini angejaribu. Nikamwambia tusidanganyane kama watu wa mjini. Akasema basi haziinuki tena.

Nikamwambia, basi tutoboe bati.

Tarehe 26 Oktoba

Tundu lipo. Martiros alimshikia Aram ngazi na kumtukana kwa upendo. Limekatwa kwa mkasi wa bati, kingo zimekunjwa, lina mraba uliopinda kidogo. Mwanga ulishuka ukakaa sakafuni pale pale pa zamani, kama paka aliyerudi.

Tarehe 2 Novemba

Tumezikausha mbao kando ya zizi, zilizoweza kukauka. Haykush anauliza nafanya nini. Nimemwambia aje na ubao wake wa kusukumia.

Tarehe 9 Novemba

Leo nimeoka mkate kwa paa langu.

Haijawahi kutokea Shirak mtu kuwasha tanuri kwa boriti. Kuni kwetu ni za kufanyia jeneza na kitanda cha mtoto. Martiros alizikata, na kila akikata aliifuata alama yake kwanza, akaisugua kwa kidole gumba. Walikuja wanawake wote watano waliobaki. Wengine walilala chini ya mbao hizo mwaka wa tetemeko. Nikawasha. Haykush alifanya ishara ya msalaba, halafu akasema moshi ukimwingia machoni atanishtaki.

Ziliwaka kwa moto safi wa bluu, moto wa mbao nzee. Chini ya ile ngozi waliyoichubua, moshi wa zamani ulikuwa umeingia ndani zaidi kuliko maji yao. Ulitoka. Nyumba nzima ilinuka mama mkwe wangu. Moshi ukazunguka, ukatafuta, ukaliona tundu, ukapanda.

Tukaoka mpaka makaa yakaanza kufifia. Unga ulirushwa kutoka mkono hadi mkono, ukabandikwa, ukatoka na malengelenge meusi. Umbea ulirudi kidogo kidogo. Mkwe wa Haykush alisema huu ndio mkate ghali kuliko wa mfalme. Mimi sikula. Nilikausha mikate, nikaipanga ikasimama kama vitabu, nikafunga fungu zuri kwa shuka jeupe.

Nimempigia Nvard. Nimemwambia nina mkate wa wageni wake, aje auchukue. Amenusa kwa simu, nadhani.

Tarehe 13 Novemba

Amekuja, amechukua kofia na fungu. Nilimwambia mkate umeokwa kwa kuni gani. Alilikumbatia lile fungu muda mrefu, halafu akaniuliza kama amwambie balozi.

"Usimwambie mtu," nikasema. "Nyunyiza maji, ufunike nusu saa, wape wale. Mtu akila atajua, au hatajua. Huwezi kuibandikia harufu karatasi ya jina."

Tarehe 21 Novemba

Theluji. Inaingia kwa tundu na kuanguka katikati ya tanuri. Nimeitazama asubuhi nzima kama asiye na kazi.

Tarehe 29 Novemba

Ubalozi umefunguliwa juzi. Nvard amepiga simu ya picha, nyuma yake mvua.

Dari limesifiwa sana. Watu waliinama kwa nyuma mpaka shingo zikauma, wakapiga picha, wakauliza ni la karne gani. Kioo cha komamanga kinawaka kwa umeme. Maneno yangu yako ukutani kwa herufi za shaba: *Maumivu yako niyabebe mimi.* Kati ya yote niliyoandika waliona hilo tu. Hawakuandika sehemu ya kamasi.

Nikauliza mkate. Akakohoa, kisha akaamua kusema kweli. Mwenye kupamba meza aliuona mzuri mno. Akausimamisha kwenye kikapu pembezoni, akazungushia kamba nyekundu, mtu asiguse.

Nvard alivumilia hotuba mbili. Halafu akavuka kamba na viatu vyake virefu, akachukua kipande, akakilowesha kwa maji ya glasi yake, akala amesimama, machozi yanadondoka. Wageni walidhani ni sehemu ya sherehe. Wakapiga makofi.

"Wote?" nikauliza.

"Mmoja hakupiga."

Bwana Zaven alikuja upande wake wa kamba. Alivunja kipande akakitia mdomoni kikavu. Akasimama. Hakumtazama Nvard, hakulitazama dari. Alikula kile kipande polepole, akachukua cha pili, akakifunga ndani ya leso na kukitia mfukoni wa koti lake zuri, akatoka nje kwenye mvua.

Sijui nifanye nini na mtu yule. Nilikuwa nimeshapanga kumchukia.

Tarehe 12 Desemba

Hakuna la kuandika. Ng'ombe ana mimba.

Tarehe 31 Desemba

Mchana nilikuwa nasokota uzi, nikasikia bati linalia. Nikadhani ni theluji inateleza. Halafu kwenye tundu ukashuka mtandio, polepole, wa kijani, ukaning'inia mbele ya uso wangu.

Kwetu zamani siku za mwaka mpya watoto walipanda mapaa wakishusha mikanda kwa tundu la moshi, mwenye nyumba akafunga chochote: njugu, soksi, tufaha kavu. Avetik alishusha wake kwenye nyumba ya baba yangu, nao wakaufunga mkono wangu kwenye mkanda huo; ndivyo nilivyoposwa. Tangu mabati yaje kijijini hakuna aliyeshusha kitu. Bati haliko wazi kwa mtu.

Nikaushika mtandio nikauvuta kwa nguvu zote.

"Shuka, mjinga wewe, utavunja shingo. Mlango upo."

Nvard aliingia akiwa na theluji kwenye nyusi. Nilimpiga kidogo, nikambusu sana. Ameleta samaki, kahawa, na habari. Habari alizificha mpaka tumemaliza samaki. Ubalozi umependwa. Wamempa mwingine wa kupanga, nchi nyingine, na baada ya huo labda mwingine. Anaondoka Februari. Miaka miwili, labda mitatu.

Hakukohoa.

Nilitoa paa ili abaki. Paa limeungua, yeye anakwenda. Ukilitazama hivyo ni hasara ambayo hata mlevi angeiona. Nimemwambia hivyo hivyo, bila sukari. Ameniinamia magotini kwa muda, nami nikamtoa theluji iliyobaki kwenye nywele.

Tarehe 6 Januari

Ameondoka kwa basi la asubuhi. Nilimfungia kwenye kona ya ule mtandio wa kijani kipande cha boriti chenye alama ya Martiros, kile nilichokificha nisichome. Nimemwambia asikitundike popote.

Haykush amekuja kukaa nami. Ametazama theluji inavyotuangukia katikati ya sakafu, akasema sasa mikate imekwisha okwa, nimwite Aram aje azibe lile tundu mpaka masika, tutakufa kwa baridi wajinga wawili.

Nimemwambia asogee upande wa tanuri. Nikaongeza mavi makavu, yakashika. Nikamwambia kuna mtu nimemlea hajui kuingia kwa mlango.